Pua za Udongo

Neema mwanangu,

Umekwenda kumuaga jirani yetu Mama Hadija, na najua hatakuachia mpaka umalize sahani. Basi nimepata nafasi ya kukaa mezani kabla jua halijazama, nikuandikie yale ambayo mdomo wangu ukijaribu kuyasema yanageuka ugomvi.

Sitaandika habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala namna ya kukaa kwa mama mdogo wako kule Kampala. Hayo tumesemezana wiki nzima mpaka ukaanza kuziba masikio. Naandika kwa sababu nina hasira, na sitaki upande basi kesho ukidhani mama yako alikuwa na huzuni tu. Huzuni ninayo. Hasira ndiyo nyingi, na imeongezeka leo mchana. Ulipokuwa umetoka kwenda kubadilisha pesa, Profesa Gaspard wa shuleni kwenu alikuja hapa nyumbani. Alikaa kwenye kiti hiki hiki. Nitakueleza alichotaka, lakini acha kwanza nianzie pale nilipoanza kukasirika, maana bila hayo ya mwanzo hutaelewa kwa nini nilimjibu vile.

Mengi unayajua, uliyafanya wewe. Lakini wewe uliyaona ukiwa nyuma ya kamera. Mimi niliyaona nikiwa kwenye benchi, kati ya watu.

Uliponiambia kwamba kazi yako ya mwisho shuleni itakuwa filamu ya vinyago vya udongo, nilicheka. Nilidhani ni mchezo. Kisha nikaona ulivyoinama pale chumbani, unamsogeza mtu wa udongo kidogo tu, upana wa ukucha, unapiga picha, unamsogeza tena, unapiga tena. Kutwa nzima, na mtu wa udongo amevuka nusu ya meza. Umeme ukikatika katikati, mwanga ukirudi haufanani na ule wa kwanza, unafuta, unaanza upya. Taa ikiwaka sana udongo unapasuka mikono, unaukanda na mafuta ya mawese, unaanza upya. Nilikushonea suruali zao kwa vipande vilivyobaki kwenye cherehani yangu. Ndipo nilipomtambua yule wa baiskeli, kwa kapu lake nyuma na mikate iliyopangwa. Nilimshonea koti la bluu, kwa sababu baba yako alikuwa na koti la bluu.

Hukuniuliza hata mara moja tangu ukiwa mtoto habari za siku ile baba yako aliyotoka asirudi, na mimi sikukueleza yote. Sasa unaondoka, basi yasome hapa. Baba yako alikuwa anachukua mikate kwenye kiwanda kimoja kule kartiye ya viwanda, anaisambaza kwa baiskeli, Jabe, Buyenzi, na mitaa mingine ya mbele. Miaka ile mji ulikuwa umekatwa vipande. Hapa wamebaki hawa, pale wamebaki wale, na katikati vijana wameweka bariyeri za mawe barabarani. Nilimwambia asitoke. Alisema watu wanakula hata kukiwa na vita. Mama mmoja aliyekuwa anauza mboga za lengalenga kwenye kona ndiye aliyeona, na ndiye aliyekuja kuniambia. Walimsimamisha. Walimwuliza yeye ni nani. Akawaambia, "Mi ni mutu wa mikate." Mmoja akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye jua, akamtazama pua. Wakabishana. Kisha wakampeleka nyuma ya ukuta.

Sitaandika hapa kama alikuwa Muhutu ama Mututsi. Wewe unajua, na yeyote mwingine atakayeshika karatasi hii hana haja ya kujua.

Kwa hiyo, mwanangu, ulipoonyesha filamu yako mara ya kwanza pale kwenye ukumbi wa shule, mimi sikuwa natazama udongo. Nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili. Mtu wa mikate anakuja kwa baiskeli. Watu watatu wanamsimamisha, wanamgeuza uso huku na huku, wanampeleka nyuma ya ukuta. Baiskeli inabaki peke yake na mikate yake. Basi. Hakuna neno hata moja. Taa ziliwashwa na mimi nilikuwa bado nimeshika benchi.

Profesa wenu alikuwa ameweka kanuni nzuri, siwezi kusema vingine. Kila mwanafunzi aonyeshe watu kazi yake, awagawie karatasi, waandike walichoelewa, walichopenda na wangebadilisha nini. Kisha mwanafunzi arudi kazini, atengeneze, aonyeshe tena, aeleze amebadilisha nini na kwa sababu gani. Hivyo ndivyo angepimwa. Nilipoisikia kanuni hiyo nilifurahi. Nilisema, huyu mwalimu anawafundisha watoto kusikiliza.

Halafu yule bwana wa mstari wa mbele, mwenye suti, aliyealikwa kama mgeni, akasimama kabla hata karatasi hazijagawiwa. Akauliza, "Ule wa baiskeli ni Muhutu ao ni Mututsi?" Wewe ukasema ni mtu wa mikate tu. Akasema hapana, pua yake inaonekana wazi, na ni pua ya kwetu, na filamu hii inatutukana. Nyuma yake mtu mwingine akasimama, akasema pua ya kwao ni ile ya wale wa bariyeri, na wao ndio wanaotukanwa. Ukumbi ukawaka. Watu wazima, wenye shahada, wanagombea pua za udongo. Na mimi nilikuwa nimekuona ukizitengeneza. Zote ulizifinya kwa kidole gumba kimoja, zote sawa, kwa sababu hukuwa na nafasi ya kuhangaika na pua.

Tulirudi nyumbani na bahasha ya karatasi. Ulizisoma zote kwa sauti, na kila ulipofika kwenye pua nilitamani kuzitia kwenye moto wa mbabula. Hakuna aliyeandika habari ya mwanga wako. Hakuna aliyeuliza kwa nini uliacha mikate barabarani. Karatasi juu ya karatasi, pua, pua, pua. Nilikuambia hao si watazamaji, ni wale wale wa bariyeri, ila hawa wamevaa viatu. Nilikuambia usibadilishe chochote. Ukanijibu kwa upole ambao uliniudhi zaidi: "Mama, wameona kitu chenye mi sikukiona. Niache nifikirie." Asubuhi nikakuta umezing'oa pua zote. Watu wako wote wamekuwa na nyuso laini kama mayai.

Tuligombana siku ile. Nilisema umewakubalia. Wewe ukasema umewanyang'anya kitu cha kugombania. Hatukusemezana mpaka siku ya pili yake, na bado nadhani wote wawili tulikuwa na haki, na wote wawili tulikosea.

Nikueleze kwa nini niliwaka vile. Mimi nilikuja mji huu nikitoka Uvira, msichana wa umri wako. Kwenye kila bariyeri, miaka yote ile, nikiulizwa mimi ni nani nilisema haraka, mi ni Mukongomani. Wakasikia Kiswahili changu, wakaniachia. Niliona nimepata ngao. Nikakufundisha na wewe useme hivyo, ukiwa mdogo, ukiniuliza utasema nini tukisimamishwa. Ilikuokoa, na ningekufundisha tena. Lakini kila nilipojibu nilikuwa nimekubali kwamba swali lile ni swali la haki, kwamba yeyote anayesimama barabarani anaweza kuniuliza na mimi nikalazimika kujibu. Kwa hiyo nilipokuona unang'oa pua, niliona ni mimi ninayejibu tena, haraka haraka, ili nipite.

Wewe hukuwa unajibu haraka. Hilo nililijifunza kwenye uwanja wa Mama Hadija.

Uliamua kuonyesha filamu ya pili, ile isiyo na pua, hapa Buyenzi, kwa sababu ulisema wa shuleni wameshaona, macho yao yameshachoka. Mama Hadija akatoa televisheni yake nje, akaiweka juu ya pipa la mafuta, na waya ukapita dirishani. Walikuja mafundi wa gereji na mikono yao ya grisi, walikuja wamama na watoto mgongoni, walikuja wazee wakitoka kuswali alasiri. Mlimani kulisikika mizinga, mmoja akasema ni mbali, watu wakaendelea kutazama. Ilipokwisha, Mama Hadija, ambaye aliketi mbele kabisa kwa sababu ni nyumba yake, akasema: "Neema, mutoto wangu, ile mikate mizuri. Sasa huyu mutu hana pua. Harufu ya mikate anaisikia na nini?"

Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Lakini nilikuona ukiacha kucheka. Uliingia ndani, ukarudi na kipande cha udongo, ukamwambia, "Basi Mama, nipe pua. Ufinye we mwenyewe."

Mimi sikuwa nimeona kitu kama kile katika mji huu tangu vita vianze. Mama Hadija akafinya pua yake, huku anajishika usoni kupima. Fundi mmoja akataka na yeye. Kisha mke wake. Kisha mzee mmoja akasema yake ni kubwa, udongo hautatosha, ukamwongezea. Mpaka sinia ikajaa pua, ndefu, fupi, bapa, moja imepinda kwa sababu mwenyewe alivunjika zamani akicheza mpira. Ukawauliza umpe nani ipi. Ndipo Mama Hadija akasema jambo ambalo bado nalifikiria: "Ya kwangu muwekee ule mubaya zaidi, ule anashika kidevu. Mi najijua."

Hakuna aliyemcheka.

Ulirudia filamu yote. Pua zile ulizichanganya, za bariyeri na ya mtu wa mikate, hakuna anayefanana na mwenziwe, na hakuna upande. Ukaongeza kitu kimoja tu: kabla hajasimamishwa, mtu wa mikate anageuka nyuma na kunusa kapu lake. Nilipoiona hiyo nililia, Neema. Baba yako alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi, na wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Ama ulikumbuka. Sikuwahi kukuuliza.

Ukaionyesha tena pale kwa Mama Hadija, ukakusanya maoni. Walioweza waliandika kwa Kiswahili, wasioweza walikusemea ukawaandikia. Walisema walichoelewa. Walisema baiskeli ilikaa peke yake muda mfupi, ukairefusha. Ulifanya kila kitu Profesa alichowaambia mfanye, na zaidi.

Sasa siku ya kupimwa. Nimekaa nyuma na wazazi wengine, na mbele yuko Profesa Gaspard na walimu wawili pembeni yake. Ukaonyesha. Ukaeleza vizuri, bila kutetemeka, ulichobadilisha na nani alikufanya ubadilishe. Ukaweka karatasi zako mezani. Akazichukua za ukumbini akazisoma, pua, pua, pua, kama mtu anayesoma hukumu. Zile za Buyenzi akaziweka kando bila kuzifungua. Ukamwuliza kwa nini.

"Hawa si watazamaji, Neema," akasema. "Hawa ni majirani."

"Profesa, ulisema nionyeshe watu," ukamjibu. "Hawa ni watu."

Akasema hawajui sinema. Akasema pia haiwezekani kupima maoni yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha mtaani. Akasema watazamaji wenye uzoefu wameshaona kwamba kazi hii inagawa watu, na kwamba mwanafunzi aliyeonywa angechagua habari nyingine, ya sungura au ya maji safi. Ndipo nikasimama. Najua uliona aibu, nilikuona ukitazama chini. Niliyosema uliyasikia, lakini nayaandika ili yabaki.

"Profesa, mi ni muke wa ule mutu wa mikate. Walimwuliza swali ile ile yenye mugeni wako aliuliza hapa. Sasa na mutoto wangu munataka ajibu?"

Hakuniangalia. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hayo hayamo katika kanuni za kutoa maksi. Ukaanguka mtihani. Wenzako walipata vyeti, wewe ukapata karatasi ya kurudia mwaka.

Nimejaribu kumwonea huruma. Naijua hofu, nimeishi nayo. Najua yule bwana wa suti alizungumza naye pembeni siku ile, na katika mji huu mtu anaweza kupoteza kazi kwa neno dogo, au kupoteza zaidi ya kazi. Kama angekuja akaniambia, Mama Neema, niliogopa, ningemchemshia chai. Lakini kuchukua maneno ya watu na kuchagua yale yanayokufaa, kisha ukasema watazamaji ndio wamehukumu, hilo siwezi kulimeza. Aliwauliza watu, watu wakamjibu, akatupa majibu. Heri asingewauliza.

Na hasira yangu ilizidi siku mama mdogo wako alipopiga simu. Unakumbuka, alikuwa ameichukua kaseti ya filamu yako akaipeleka kwa wale watu wa Kampala wanaotengeneza filamu za watoto. Walikuwa na maswali mengi. La kwanza kabisa lilikuwa kwa nini gurudumu la nyuma linarudi kinyume. Wewe uliruka kwa furaha, ukasema ulijua, ulijua gurudumu lile lina kasoro, hakuna aliyewahi kuliona. Nilifurahi pamoja nawe. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani na hasira mpya, maana mtoto wangu alikuwa amengoja miezi yote ile mtu amwambie kitu kuhusu gurudumu, na ilibidi swali hilo litoke nchi nyingine.

Wanakuita uende ukafanye kazi nao na ujifunze. Nenda. Watakuambia makosa yako, mengi, na mengine yatakuuma. Utafanya kama ulivyofanya hapa, utasema acha nifikirie. Mimi sikuweza kamwe. Ulilipata wapi jambo hilo sijui, labda kwa baba yako, aliyekuwa anaweza kumsikiliza mlevi mpaka mwisho. Ila wakikuuliza kabila la kinyago chako, wewe usihangaike kutafuta jibu zuri. Endelea na kazi.

Sasa, Profesa Gaspard. Alikuja leo na shati limepigwa pasi, akaniamkia kwa heshima, akauliza habari za safari yako. Kisha akasema shule inapata wageni kutoka nje wiki ijayo, watu wa mambo ya amani, na mkurugenzi anataka waonyeshwe kazi za wanafunzi. Akasema hiyo filamu yako ndiyo bora kuliko zote. Alisema hivyo, Neema, kwenye kiti hiki.

Nikamwuliza, kama ni bora, kwa nini ulianguka.

"Wakati ule ulikuwa mubaya, Mama Neema," akasema. "Sasa watu wanaongea amani."

Wakati ule ni mwaka huu huu. Mvua iliyonyesha siku ile ndiyo hii inayonyesha sasa. Akasema ukimwachia kaseti, maksi zinaweza kutazamwa upya, na cheti kikapatikana. Naungama kwamba moyo wangu uliruka kidogo, kwa sababu cheti ni cheti, na mimi ni mama. Lakini palepale nikakuona wewe umesimama mbele ya meza ile na karatasi zako zimewekwa kando. Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwambia azisome kwanza zile karatasi za Buyenzi, moja moja, kwa sauti, ndani ya ukumbi ule ule, mgeni wa suti akiwa amekaa mbele.

Sikusema hayo. Nilimwambia filamu si yangu. Nilimwambia kesho asubuhi utakuwa pale yanapokusanyika mabasi ya kupitia Kigali kungoja askari wafungue barabara, na akiwa na neno akuambie wewe mwenyewe, usoni. Akasema atakuja. Nadhani atakuja kweli.

Basi nimekutaarifu, usishtuke ukimwona. Ukimpa kaseti, sitakulaumu. Wageni wale wataona kazi nzuri, na pengine Mama Hadija na pua yake watafika mahali ambapo yeye hatafika. Ukimnyima, sitakulaumu. Ukimpa kwa sharti, sharti liwe lako, lisiwe langu, maana langu limechanganyika na mambo ya zamani ambayo wewe hupaswi kuyabeba mpaka Kampala. Kitu kimoja tu nakuomba: usimjibu haraka kwa sababu basi linataka kuondoka. Dereva apige honi, abiria wanung'unike, waache. Chukua muda wako.

Mimi nitakuwa nimesimama karibu, nimeshika begi lako, na angalau mara moja katika maisha yangu nitanyamaza.

Mama yako, ambaye anakupenda na bado hajapoa.